Sifa za Mkweche wa Jumamosi

Katika vitu vyote ambavyo mtu mwenye akili timamu, maashi ya wastani na banda la gari nyuma ya nyumba yake aweza kuvinunua kwa hiari, sijui kitu kilichosingiziwa mabaya mengi na kutetewa kidogo kama Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha kwanza, iliyokwisha kupita makamo, ikauzwa na bwana anayeapa kwamba inahitaji kazi kidogo tu, na kununuliwa na bwana mwingine anayenuia kuimaliza kazi hiyo kwa Jumamosi chache. Wake za wanunuzi huliita gari hilo mke mwenza, majirani huliita takataka, na makarani wa benki hawaliiti jina lolote, bali hutazama hesabu na kuguna. Mimi niishiye Uingereza, ambaye nimepata kulala chali chini ya gari la namna hiyo nikalitazama dari lake kupitia sakafu yake, naona ni wajibu wangu kusimama mbele ya hakimu huyu aitwaye msomaji na kulinenea. Wala sitalitetea kwa kukana makosa, kama ilivyo ada ya mawakili; nitakiri kila tuhuma, kisha nitadhihirisha kwamba kila tuhuma ni fadhila iliyokosa msemaji.

Tuanze na nasaba, kwa kuwa mwungwana huulizwa kwanza ametoka kwa nani. Golf ilitoka mwaka 1974, kwa umbo lililochorwa na Mtaliana Giorgetto Giugiaro, ili kushika mahali pa lile gari la mgongo wa mviringo ambalo wengi wetu tulilijua kwa jina la Volkswagen tu, kana kwamba kampuni haikupata kuunda jingine. Lilikuwa gari dogo la adabu, lenye mlango wa nyuma unaoinuliwa juu, la kupelekea watoto shule na kuletea mboga kutoka sokoni. Basi katika mji wa Wolfsburg watu wachache wa kampuni hiyo wakalichukua gari hili la mboga, wakaanza kushauriana namna ya kulitia nguvu, pasipo amri ya wakubwa wao, na yasemekana baadhi ya mashauri yale yalifanyika nyumbani kwa mmoja wao, Anton Konrad, aliyekuwa mkuu wa habari. Namwomba msomaji alizingatie jambo hili, maana ndilo msingi wa hoja yangu: gari hili lilitungwa kwa siri, katika wakati wa ziada, na watu ambao iliwapasa kuwa wanafanya jambo jingine. Ikiwa ndivyo lilivyozaliwa, ni nani mwenye haki ya kumlaumu yule anayelitengeneza leo kwa namna ileile?

Lilionyeshwa Frankfurt mwezi wa Septemba 1975, na wenyewe walinuia kuunda 5,000 tu; hata kizazi kile cha kwanza kilipokoma, yalikuwa yamekwisha kuundwa zaidi ya 460,000, ndiyo kusema hasara yake haikuachiwa wachache, bali iligawiwa kwa uadilifu. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, na kwa kuwa gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 810 tu, lilikwenda kilomita 182 kwa saa, hata mabwana wakubwa katika barabara kuu za Ujerumani wakapata dhiki wasiyoizoea, ya kulipisha gari la mboga lenye mstari mwekundu usoni. Ndani yake palipambwa na bibi Gunhild Liljequist, ambaye kabla ya kuingia Volkswagen mwaka 1964 alikuwa amejifunza kuchora vyombo vya kauri na kubuni masanduku ya chokoleti. Yeye ndiye aliyeweka viti vya kitambaa cha mirabaraba, kwa kukumbuka nguo alizoziona katika safari zake za Uingereza, na juu ya fimbo ya gia akaweka kirungu mfano wa mpira wa gofu. Wako walionunua gari zima kwa ajili ya kirungu hicho. Siwacheki, maana aghalabu ndicho kitu pekee katika gari lote kisichoota kutu.

Nafika sasa kwenye kutu yenyewe, na hapa naomba nafasi, kwa sababu mtu aliyeliona gari hili bila kutu hakuliona. Liko bomba la chuma la kujazia petroli, ambalo kwa nje huonekana zima, ilhali ndani linaliwa kidogo kidogo. Chenga zake huteremka hadi tangini, kutoka tangini huvutwa na pampu, pampu hupeleka kwenye chujio, na chujio likizidiwa huachia zifike katika kigawanyo cha petroli, chombo chenye njia nyembamba kupita kiasi, ambamo huketi na kuizima injini. Maradhi yaliyoanza kizingitini huishia moyoni. Ni gari gani la leo liwezalo kumfundisha mtu, kwa bomba moja tu, jinsi viungo vyote vya kiumbe vilivyofungamana? Na hilo ni bomba moja. Bado mahali pa kukalia betri, bado chini ya kioo cha mbele, bado matao ya magurudumu na zile mbavu zilizo chini ya milango, ambazo mwenye gari wa kwanza aliziziba kwa puti, wa pili akazipiga rangi, na wa tatu akaziuza.

Mnunuzi huanza kwa kuona kipele cha rangi kisichozidi ukubwa wa shilingi. Hukigusa kwa kidole, kisha kwa ukucha, kisha, kwa kuwa mwanadamu ameumbwa na udadisi, kwa ncha ya bisibisi, na bisibisi hupita ikatokea upande wa pili. Hapo ndipo elimu huanza. Mtu ambaye tangu kuzaliwa hakupata kushika kitu kizito kuliko kalamu hununua spana, jeki, msasa na ovaroli. Hujifunza kukata bati, kulikunja na kulichomelea. Hujua tofauti ya nati iliyokaza na nati iliyokufa, na hujua kwamba nati iliyokufa haifufuliwi kwa ghadhabu. Na baada ya kuchomelea kiraka kizuri hugundua kwamba bati alilolipachika ni zima kuliko lile lililolizunguka, hivyo hana budi kukata tena, na kila akatapo huona zaidi. Masufi wa zamani walikwenda jangwani ili watambue kuwa vyote vya dunia vitatoweka. Huyu wetu hukitambua kisa hicho bandani kwake, akiwa na kikombe cha chai pembeni.

Mtambo wa kupelekea petroli, uitwao K-Jetronic, nao ni hikima tupu, kwa kuwa hauna kompyuta hata chembe. Hewa inayovutwa na injini huinua bamba, bamba husukuma pini, na pini hupima petroli inayomiminika bila kukoma kwenda kwa kila silinda. Liko pia kopo dogo ambalo kazi yake ni kushika shinikizo la petroli baada ya injini kuzimwa. Kopo hilo likichoka, petroli hugeuka mvuke katika mabomba yenye moto, na gari lililowaka vizuri alfajiri ya baridi kali hukataa kuwaka baada ya kusimama robo saa mbele ya duka. Mahasidi huuita huu ubovu. Mimi nauita ukarimu, na nina ushahidi. Mgeni aweza kukaa miaka mingi katika mji wa Uingereza bila kusemeshwa na mtu, isipokuwa juu ya hali ya hewa. Lakini na ainue boneti ya Golf kuukuu kando ya barabara, mara atazungukwa na wazee watatu wasiojuana, mmoja akisema ni plagi, wa pili akisema ni pampu, na wa tatu asiseme kitu juu ya ubovu, bali aanze kusimulia kwamba marehemu kaka yake alikuwa nalo kama hili, jekundu, na kwamba aliliuza alipooa na hakusahau. Petroli hupoa, gari huwaka, na wazee huondoka kwa huzuni.

Breki zataka maelezo ya peke yake. Gari hili liliundwa kwa nchi ambazo dereva huketi kushoto. Walipolihamishia usukani kulia kwa ajili ya Waingereza, mwaka 1979, mafundi wa Wolfsburg waliiacha busta ya breki palepale ilipokuwa, upande wa kushoto, wakaiunganisha na kanyagio lililohamia upande wa kulia kwa fimbo inayokatiza upana wa gari. Fimbo hiyo, pamoja na bati linaloishikilia, hujikunja kidogo kabla ya kutii, hata dereva anapokanyaga hupata muda, mfupi lakini wa kutosha, wa kuyatafakari maisha yake na kuwasamehe waliomkosea. Magari ya leo husimama kabla mtu hajamtaja Mola. Hili halisimami mpaka ametajwa.

Wapo wanaompendelea Mfaransa, yaani Peugeot 205 GTI iliyotoka mwaka 1984, nami siwagombezi, maana gari lile nalo lina haki yake: dereva akiondoa mguu ghafla katikati ya kona, nyuma huja mbele, akaonyeshwa alikotoka pasipo kuigeuza shingo.

Yuko atakayesema kwamba spea ni ghali na ni za taabu. Ni kweli, na humo mna faida ya maarifa ya dunia, kwa kuwa umbo hili la kwanza la Golf liliendelea kuundwa Uitenhage, Afrika Kusini, kwa jina la Citi Golf, mpaka mwaka 2009, miaka mingi baada ya Wajerumani wenyewe kuliacha. Basi Mwingereza anayejenga upya gari la Kijerumani lililochorwa na Mtaliana huketi usiku kungojea kifurushi kutoka Afrika. Sisi tuliozoea kuvaa mitumba ya Ulaya tusamehewe tukitabasamu kidogo.

Na atakayetaka kulinunua nampa nasaha tatu. Aende kulitazama jioni, mvua ikinyesha, maana rangi iliyolowa hung'aa na kipele hakionekani. Asifuatane na fundi, kwa sababu fundi ana tabia ya kupiga magoti na kuchungulia chini, na neno lake la kwanza akiinuka huharibu furaha ya watu wawili. Tena asiulize bei ya kulimaliza, bali aulize bei ya kuanzia tu, kama afanyavyo kila aliyepata kujenga nyumba.

Serikali ya Uingereza, ambayo haina sifa ya kusamehe, imelisalimia gari hili kwa taadhima kuliko wake na benki. Gari likitimia miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na kama halikubadilishwa sana, husamehewa pia ule ukaguzi wa kila mwaka ambao magari machanga hupelekwa huku wenyewe wakitetemeka. Ndiyo kusema sheria hukagua magari yaliyo mazima na kuyaacha yaliyooza, kwa imani kwamba wenye magari hayo wanayajali mno hata hawayaendeshi. Na katika kudhani hivyo, nakiri, sheria haikukosea. Wajibu wa kulitunza gari lisihatarishe watu umebaki palepale kwa mwenyewe, lakini gari lililo juu ya mawe bandani halimhatarishi mtu ila yeye aliye chini yake.

Lakini fadhila kubwa kupita zote haihusiani na mwendo. Mtu wa kwetu akikaa ughaibuni hana Jumamosi yake: kuna kamati ya harusi ya mtoto wa rafiki wa jamaa, kuna mchango wa msiba, kuna kikao cha kupanga kikao. Huyu wetu akiitwa hutoka bandani na mikono myeusi kwa grisi, hata asiweze kushika simu wala kupeana mkono na mgeni, nao humwonea huruma wakamwacha. Mchango wake hutuma, maana si bahili. Ni nafsi yake tu asiyoweza kuituma. Mkewe humwita kutoka dirisha la jikoni, "Baba Salma, hilo gari litakwisha lini?" Naye hujibu kwa sauti tulivu kutoka chini, "Inshallah, mama, Jumamosi ijayo." Jibu hilo si uongo, kwa kuwa limeegemezwa kwa Mwenyezi Mungu, na Jumamosi ijayo haijafika.

Wako waliomaliza, nami huwataja kwa masikitiko. Walipiga rangi ya mwisho, wakafunga kirungu cha gofu mahali pake, wakaendesha mara moja hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kisha wakagundua kwamba kila maili inapunguza thamani, na kila tone la mvua linarudisha kutu, wakalifunika gari kwa shuka na kufunga banda kwa kufuli. Likawa limekaa vilevile kama lilivyokaa kabla, ila sasa hawana ruhusa ya kuligusa.

Huko Reifnitz, kando ya ziwa Wörthersee nchini Austria, ambako wapenzi wa gari hili walianza kukusanyika mwaka 1982, imesimamishwa tangu mwaka 1987 Golf GTI ya jiwe la graniti, yenye uzito wa tani 25. Haivuji mafuta, haidai petroli, haioti kutu, haina fimbo ya breki ya kujikunja, na mwendo wake ni uleule wa nyingi katika dada zake zilizomo mabandani mwa Uingereza Jumamosi hii. Nimeitazama picha yake kwa makini, nikaiona ina ila moja tu: hakuna mahali pa kuingizia jeki.