Ethi ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ana Land Rover Series IIA ya 1964 ambayo anaipenda kuliko wakwe zake wote, na sisemi hivyo kwa wivu. Tulipoanza kuikarabati pale Arusha alitoa sharti moja tu: mtu akiingia ndani asione kitu kipya. Kila jioni alikuja kukagua, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu.

Sisi vijana tulitaka redio ya bluetooth, taa za LED na pa kuchajia simu. Vyote vya kufichwa. Redio ikae kwenye kisanduku cha spana chini ya kiti, tundu la chaji chini ya dashibodi, LED ndani ya vioo vilevile vya zamani. Nani angejua?

Gari lilijua. Land Rover za miaka ile, mpaka kwenye 1967 hivi, ethi, yaani upande wa betri unaofungwa kwenye bodi, ni chanya. Magari ya leo hufunga hasi. Fundi wetu, kijana hodari aliyekulia kwenye Noah na IST, alipoambiwa alicheka. "Kaka, ethi ni ethi."

Akachomeka LED. Kimya. Balbu ya uzi haijali umeme umetokea upande gani; LED ukiipa kinyume inanuna. Akazifumua moja moja, akageuza waya za ndani, zikawaka, tukagongeana mikono. Akawasha indiketa. Ikawaka, ikabaki inawaka tu. Flasha ya zamani ina kibati kinachopashwa moto na umeme wa balbu mpaka kijipinde na kukata; LED inakula umeme kiduchu, kibati hata hakitoki jasho. Mzee angefika Mianzini amewasha taa ya kushoto kama mtu aliyenyoosha mkono akasahau kuushusha.

Tundu la chaji ndilo lilitutia adabu. Ganda lake ni hasi, bodi ni chanya, na fundi alilikaza moja kwa moja kwenye bati. Cheche, harufu, giza. Gari lile lina fyuzi mbili basi. Ukiunguza moja, imekwenda nusu ya gari.

Tukakata shauri tuligeuze lote. Vichwa vya betri vikabadilishwa, waya za LED zikarudishwa zilivyokuwa, za koili zikahamishwa, na dinamo ikafundishwa upande mpya: unagusisha waya wa betri kwenye kichwa chake cha F mara moja, pa! unaondoa. Starta haikuuliza swali, ilizunguka upande uleule. Indiketa tukairudishia balbu zake za uzi, yaishe.

Ameta, kile kipimo cha chaji, ndiyo hakuna aliyeikumbuka. Mzee alipiga raundi ya kwanza, akarudi uso umemkunjika.

"Dinamo imekufa. Mshale unakimbilia kushoto."

"Shikamoo, mzee," nikasema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Mmeligeuza, siyo?"

Fundi akakumbuka ghafla kwamba ana mteja mwingine. Mzee akainua kiti, akafunua kisanduku, akaitazama redio ikiwa imelala katikati ya spana zake. Kisha akapapasa chini ya dashibodi mpaka kidole kikagusa tundu. Nikawa natafuta maneno ya kumwambia mke wangu.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitochi chake.

"Mwanangu, na hii ya pini ndogo mmeiwekea wapi?"