Kupanda Hakuna Neno

Dar es Salaam haina mlima, ina madaraja. Mtu wa klabu ya joging akikuambia Jumamosi ana mazoezi ya kupanda, ujue anakwenda Daraja la Tanzanite, lile lililopita baharini kutoka Aga Khan hadi Coco Beach, lenye kilomita moja na kainuko kadogo ka lami. Tukifika juu tunapiga picha. Tukishuka upande wa pili tunaimba, tunanyoosha viungo, kisha tunakwenda kwenye supu. Kwa upande wa supu klabu yetu ni ya kimataifa.

Kwa maandalizi hayo tukajiandikisha Kilimanjaro Marathon, kilomita 21. Mbio hizi zilianza mwaka 2003 na hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajashika na jua likiwa bado na hasira zake. Waliowahi kwenda walituonya, na wote walituonya jambo moja: kupanda. Njia inatoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, inapita mjini, halafu inashika barabara ya Mweka. Mweka ndiko wanakoteremkia waliotoka kileleni Kibo na vyeti vyao mkononi. Yaani njia ambayo mtu aliyeushinda mlima anaitumia kurudi kwao, wewe unaambiwa uipande na bukta.

Moshi mjini ni mita 800 na ushee juu ya bahari. Mimi nakaa Kigogo bondeni, ambako mvua ikizidi Mto Msimbazi hutupigia hodi usiku. Mapafu yangu hayajawahi kuombwa kufanya kazi juu ya ghorofa ya pili.

Alfajiri ile Kibo ilikuwa wazi, theluji yake yote ikionekana. Baada ya muda ikajifunika mawingu, nadhani kwa adabu. Fundi friji wetu, mtu wa Tandika, alikuwa ameibana namba yake kifuani kwa pini, na pini moja ikawa imepita fulana, ikapita singlendi, ikaendelea. Aligundua tulipoanza kuondoka na yeye akavuta pumzi ya kwanza ya nguvu. Ukelele alioutoa watu wa mbele waliuchukulia kuwa ni hamasa, wakapiga makofi.

Huko mjini tuliimba. Kiongozi anaanzisha, sisi tunaitikia, watu wanatoka madirishani, raha tupu. Barabara ilipoanza kuinuka, kiongozi akaanzisha, tukaitikia watatu. Akaanzisha tena, hakuitikia mtu. Mara ya mwisho alianzisha kimoyomoyo.

Ni katika kupanda huko ndipo nilipokutana na bibi. Uchagani ng'ombe wengi hawaendi malishoni, wanaletewa majani zizini, na wanaoyaleta mara nyingi ni akina mama, kichwani, kutoka tambarare hadi juu migombani. Huyu alikuwa na mzigo wa majani mpana kuliko mlango wa daladala, kanga kiunoni, kandambili miguuni, anapanda taratibu pembeni mwa lami. Mimi nilikuwa nakimbia. Nasema nakimbia kwa maana ya kisheria: nilikuwa na namba kifuani na mikono ilikuwa inafanya mambo ya mkimbiaji. Lakini tulikuwa sambamba, na sambamba tukaendelea.

Mtoto aliyelelewa hampiti mtu mzima bila salamu, sembuse akishindwa kumpita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umetoka wapi?"

"Dar."

"Ehee! Wa huko hawajambo?"

"Hawa... jambo."

"Na mama yako?"

Wakati huo nilikuwa na pumzi ya neno moja kwa kila hatua tatu. Mama yangu ana sukari, ana goti, na ana kesi ya kiwanja. Habari zake zinataka mtu aliyekaa kitako. Nikasema, "Mzima," Mungu anisamehe. Bibi akageuka kunitazama bila kichwa kugeuka, maana kichwa kilikuwa na kazi yake. Aligeuza macho tu. Akanipa pole. Akauliza mbona wenzangu wanakimbia, mimi nimeumia? Kabla sijapata pumzi ya jibu akakunja kwenye kinjia cha migombani, mzigo haukutikisika hata jani, akaniachia barabara yote.

Baada ya bibi, kila niliyemwona amesimama pembeni nilimuuliza geuzio liko wapi. Wote walijibu "hapo juu tu". Watu wa mlimani hawasemi uongo. Hapo juu tu ni kweli kabisa, ila hawakuulizwa ni baada ya saa ngapi. Kwenye meza moja ya maji fundi friji alipokea sponji iliyolowa, ya kujipangusa uso, akaing'ata akidhani ni keki. Akaitafuna kidogo kabla ya kukata tamaa. Alisema haikuwa mbaya sana, imekosa sukari tu.

Na kwa kweli, yote hayo hayana neno. Kupanda kuna ustaarabu wake. Ukichoka unatembea, kila mtu anakuelewa, hata wanaokupita wanakuambia pole. Tulifika geuzio, zaidi ya mita 300 juu ya tulikoanzia, tukashikana mikono na kupongezana kwamba kazi imekwisha. Kiongozi wa nyimbo akapata sauti. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mtupu hadi mjini, na mimi nikaanza kuhesabu watu nitakaowapita.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyetuonya.

Mguu unapopanda, misuli ya paja inajikunja na kukusukuma. Inachoka, lakini ni kazi iliyoumbiwa. Unaposhuka, misuli ileile inalazimika kujikaza huku inavutwa irefuke, na kila ukikanyaga inafanya kazi ya breki za lori la mbao kwenye mteremko wa Kitonga. Nyuzi za misuli zinachanika vipande vidogo vidogo usivyovihisi siku hiyo. Dereva wa lori anajua kutumia gia nzito. Mimi nilikuwa na gia moja, na kitambi kilichotangulia bila kuniuliza.

Mwanzoni ilikuwa starehe. Niliwapita watu. Kisha nikaona meza ya maji inakuja, nikataka kupunguza mwendo, na mwendo ukakataa. Nilinyoosha mkono, kijana wa kujitolea akaninyooshea kikombe, vidole vikagusana, na tayari nilikuwa nimeshapita. Maji yalibaki naye, mengi usoni. Niliomba radhi kwa kelele huku nikizidi kwenda. Vidole vya miguu vilikuwa vinagonga ncha ya kiatu kila hatua, na kucha ya dole gumba la kushoto ikaanza taratibu za kuhama. Mtoto mmoja wa shule ya msingi, peku, alinisindikiza kipande kirefu akiniuliza kwa upole kama ninajua ninakoenda.

Wakubwa wa riadha duniani wanaamini mteremko ni msaada. Kanuni yao inataka mwisho wa mbio usiwe chini ya mwanzo kwa zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, la sivyo rekodi ya dunia haitambuliwi. Ndiyo maana Geoffrey Mutai wa Kenya alipomaliza Boston mwaka 2011 kwa saa 2:03:02, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia katika marathoni, haukuandikwa kuwa rekodi: Boston inaanzia juu na kuishia chini. Lakini mteremko wa Boston hutafuna mapaja mapema, halafu vilima vya Newton vinakuja kudai kilichobaki. Juma Ikangaa wetu alikuwa wa pili pale miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na ile ya 1988 aliikosa kwa sekunde moja mbele ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Sekunde moja! Mimi kwenye kilomita ya mwisho sekunde moja ilikuwa haitoshi hata kuamua mguu upi unafuata. Moshi inaanzia na kuishia uwanja uleule, kwa hiyo rekodi yangu isingekuwa na kikwazo chochote cha kanuni. Hakuna aliyeiulizia.

Nilimaliza. Nikavalishwa medali, nikapewa soda, nikapiga picha ambayo mke wangu aliiona akauliza huyo mwingine ni nani. Jioni tulicheka sana kwenye nyama choma, tukaona tumeweza, kiongozi wa nyimbo akapendekeza mwakani twende 42.

Maumivu ya mteremko yana subira. Huja siku ya pili, yakifika huita ndugu zao. Asubuhi ya kurudi Dar wanaume wazima tulipanda basi bila tatizo, hata kwa mbwembwe. Nimeshasema kupanda hakuna neno. Tatizo lilianza Korogwe, basi liliposimama watu wachimbe dawa. Konda akatangaza dakika kumi. Abiria wote walishuka isipokuwa sisi, tuliobaki kwenye ngazi ya mlango tukitazama ardhi. Mama mmoja mwenye ndoo ya maembe alitusubiri tupishe, kisha akauliza kama tumetoka pamoja kwenye ajali. Mwishowe tulishuka kinyumenyume, tumeshika vyuma, kila mmoja akimwongoza mwenzake mguu uweke wapi.

Vyoo vya pale ni vya kuchuchumaa. Fundi friji aliingia wa kwanza kwa sababu alikuwa na haraka kuliko sisi. Dakika kumi zikaisha, dereva akapiga honi, akapiga tena. Ndipo sauti ikatoka ndani, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa na wengi:

"Nani yuko hapo nje? Njoo univute."

Nikamjibu avumilie, nakuja, ila kuna vidaraja viwili vya kushuka.