Shem, Gari Lipo?

Ndugu akikupigia simu akasema moja kwa moja kwamba ana shida ya hela, huyo ni mtu mwema. Mwogope yule anayeanza na hali ya watoto, akapitia kwa mama kijijini, akalalamikia mvua, kisha akauliza taratibu, "Na gari, halijambo?" Hapo tafuta pa kukaa. Hakuna aliyewahi kuulizia afya ya gari bila sababu.

Langu ni Toyota IST, katika zile zilizojaa Dar es Salaam hadi ukitoka sokoni unajikuta unang'ang'ana na mlango wa mtu. Kabla yangu lilikuwa na mwenyewe Japani, na nina hakika huko halikuazimwa hata siku moja, maana lilishuka bandarini na jeki yake, spana yake na tairi la akiba ambalo halijagusa barabara. Siku hizi jeki hiyo inaishi Gongo la Mboto. Nilishaacha kuiulizia.

Huku kwetu mtu ukimnyima sufuria atanuna siku mbili, yatakwisha. Ukimnyima gari, kinaitishwa kikao cha ukoo, na utasikia mambo uliyofanya ukiwa darasa la nne. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao hukabidhi funguo huku roho inauma.

Jaribu hata kuuliza leseni. Trafiki akiuliza ni kazi yake. Ukiuliza wewe, umetukana. "Ipo, binamu, ila imeisha muda kidogo." Leseni haiishi muda kidogo. Na hapo ndipo penye hatari yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunatembea na bima ndogo. Binamu akigonga gari la mtu, kampuni itamlipa yule aliyegongwa. La kwako utabaki nalo pamoja na pole za majirani. Hata ukiwa na bima kubwa, kampuni ikigundua aliyekuwa kwenye usukani hana leseni hai, inaweza kuyakataa madai yako. Nani atamweleza binamu yote haya kwenye simu, naye ameshavaa viatu? Atasema umekuwa mzungu.

Faini nazo zina utamu wake. Anayepita na 70 kwenye kibao cha 50 akapigwa tochi, anaandikiwa shilingi 30,000, na deni hilo linasomeka kwenye namba ya gari. Yeye anarudi kwake kulala, gari lako ndilo linadaiwa. Lakini ukifungua deni kwenye simu unaona kosa na mahali lilipotendeka, na kwa hilo nawashukuru sana trafiki. Shemeji yangu mmoja aliazima gari kwenda Mbagala kumwona mgonjwa. Nilipokuja kuangalia deni, nikakuta: mwendo kasi, Chalinze. Kutoka Dar hadi Chalinze ni kilomita 100 na ushee, na Mbagala haiko njiani. Nikamuuliza kwa upole.

"Mgonjwa alihamishwa, shem."

Shemeji huyo huyo ndiye aliyenipa kipimo ninachokiamini hadi leo: gari likirudi chafu, shukuru Mungu. Yeye alilirudisha linang'aa, matairi yamepakwa dawa, ndani kumepuliziwa manukato ya ndimu hadi macho yanawasha. Nikalizunguka polepole. Kwenye kona ya kushoto ya bampa la nyuma palikuwa na weupe uliouzidi weupe wa gari zima. Nikapitisha kidole: puti imepigwa msasa nusu nusu, na juu yake, katikati ya rangi, mbu mmoja amekaukia mabawa wazi. Hiyo ni rangi ya fundi wa chini ya mwembe, haina mjadala. "Mbona ilikuwa hivyo tangu zamani, shem," akasema, "labda hukuwahi kuliangalia vizuri." Mimi, niliyechonga namba ya gari kwenye vioo vya pembeni kwa kuwahofia wezi, ndiye sijawahi kuliangalia gari langu vizuri! Kisha akaniaga kwa fahari kwamba ameniwekea mafuta ya elfu kumi. Kabla sijafika sheli, taa ilikuwa imewaka.

Jirani yangu, baada ya kuyaona haya, akaamua kutumia uongo wetu wa siku zote: gari liko gereji. Uongo huo ni mzuri kwa siku ya kwanza. Siku ya pili gari likaingizwa nyuma ya nyumba likafunikwa turubai, watoto wakafundishwa la kusema, na yeye akaanza kugombania daladala alfajiri. Kituoni akakutana na ndugu yule yule aliyemnyima. Ndugu akamwonea huruma ya dhati, na jioni akatokea na fundi. Watoto, ambao hawakufundishwa jinsi ya kukabiliana na fundi, wakamwonyesha turubai lilipo. Fundi akalifunua, akaomba funguo, akawasha, gari likaitika mara moja. Akafunga boneti, akapangusa mikono, akadai elfu ishirini ya ufundi. Jirani alilipa.

Mimi nimeamua kivingine. Gari langu siku hizi linaazimwa pamoja na dereva wake, yaani mimi. Haya ni maneno ya ajabu sana: ukisema "basi nitakupeleka mwenyewe," nusu ya safari zinafutika papo hapo, na mgonjwa wa Mbagala anapata nafuu. Zinazobaki ni safari za kweli, za mama anayetoka hospitali, za mahari, za ndugu aliyeteremka stendi ya Magufuli usiku na mabegi matano. Hizo naenda bila kinyongo, hata na mbuzi nimeshabeba.

Shida imebaki moja, nayo ni kwenye sherehe. Juzi nilipeleka watu kwenye send-off, nimevaa shati langu la kitenge, nikategemea nami nitaingia. Mlangoni kijana mwenye orodha akanitazama juu chini, akauliza, "Dereva?" Nikasema ndiyo, maana sikuwa na jibu jingine. Akanielekeza kwenye benchi la nje, kando ya jenereta, nikakaa na madereva wenzangu wa kulipwa, tukanywa soda vuguvugu huku harufu ya pilau ikitupita. Mmoja akaniuliza bosi wangu ananilipa kiasi gani kwa mwezi. Nilipomwambia silipwi, akanishauri nitafute kazi nyingine.

Kwa hiyo ndugu zangu wote wenye shughuli mwaka huu: gari lipo, dereva ni mimi, mafuta ni yenu. Naomba tu jina langu liandikwe kwenye orodha ya watakaokula ndani.