Uainishaji wa Magugu katika Shamba Lililopumzishwa

Mwenye shamba husema amelipumzisha. Baada ya masika mawili ya kulichunguza kutoka barazani, nathibitisha kuwa aliyepumzika ni yeye. Shamba lenyewe liko kazini usiku na mchana, linazaa mbegu. Wataalamu hupanga magugu kwa maua na majani. Mimi nayapanga kwa tabia.

Tabaka la kwanza ni Wadandiaji, na mkubwa wao ni kishona nguo. Mche mmoja hutoa mbegu elfu kadhaa, nyembamba na nyeusi, kila moja ina miiba miwili au mitatu yenye vijimeno vilivyoelekea nyuma kama vya ndoana. Maabara yangu ni suruali. Jioni moja nilikatiza shambani kwenda kumsalimu jirani tu, nikarudi na shehena iliyonichukua mpaka magharibi kuichambua. Zote nikazitupa uani. Baadaye sana ndipo nilipong'amua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa safari yao.

La pili ni Wenye Pupa. Gugu karoti lilitoka Amerika, sasa ni mwenyeji Arusha. Likichipua leo, baada ya mwezi hivi linatoa maua, na mche mmoja hufikisha mbegu 10,000 hata 25,000.

Tabaka la tatu, Wavizia, ndilo linaloninyima usingizi. Mbegu ya kiduha ni vumbi tupu. Mche mmoja humwaga makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 bila kusema neno. Siku mzizi wa mahindi au mtama ukitoa kemikali zake jirani, mbegu hunusa, huota, na kujiunga na mlo. Mmarekani William James Beal aliwahi kupima subira ya namna hii: mwaka 1879 alizika chupa 20 za mbegu huko Michigan. Mwaka 2021 moja ikafukuliwa, na baadhi ya mbegu zikaota. Beal mwenyewe alishafariki zamani.

Ndago imenivurugia nadharia. Mbegu haizitegemei sana. Huzaliana kwa viazi vyake vya chini, na ukiikata kwa jembe umeigawia mirathi.

Nilikusudia kumalizia na mchicha pori, ambao mche mmoja mkubwa unaweza kupita mbegu 100,000. Lakini sampuli zangu zilichumwa asubuhi. Nimezikuta jikoni, zimeshatiwa nazi.