Sifa za Ukoga

Malenga wa pwani walimsifu mnazi, simba na warembo. Ukoga, ule utando unaojibandika kwenye meno ukingoni mwa ufizi, hawakuutungia hata ubeti mmoja. Dhuluma hiyo naifuta leo, hapa tarafa ya Sale, wilaya ya Ngorongoro.

Ewe ukoga, kwanza nguvu zako. Wilayani humu humu, katika bonde la Oldupai, tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aliyaona meno ya Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, yakichungulia udongoni. Yalikuwa yamekaa ardhini miaka ipatayo milioni 1.75, na bado yalikuwa magego ya kutisha. Jino ambalo udongo umeshindwa kulila kwa muda wote huo, wewe unalitoboa kabla mwenyewe hajamaliza shule ya msingi, kwa msaada wa pipi na soda tu.

Pili, bidii. Wasonjo wa Digodigo na Samunge wanasifika kwa mifereji yao ya kale ya umwagiliaji, nayo inataka zamu, wazee na vikao. Wewe huitishi kikao. Mtu akishapiga mswaki, saa chache tu bakteria wako wamerudi shambani. Sukari ya chai ndiyo mbolea, tindikali ndiyo mavuno. Ukiachwa siku kadhaa unakuwa ugaga mgumu, na hapo mswaki haukuwezi tena.

Tatu, safari. Wanaodhani makazi yako ni kinywani tu wanakuvunjia heshima. Ufizi ukivimba na kutoka damu, lango limefunguka: bakteria wako huingia mwilini, na wakikuta vali ya moyo yenye kovu huweza kutua hapo na kuiambukiza. Mzee asiyeinuka kitandani huyavuta mate yenye bakteria hao mapafuni, akapata nimonia. Mwenye kisukari unamfanyia hisani maradufu: ufizi mgonjwa huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa, nayo sukari ikipanda huzidi kuuharibu ufizi. Hata mjamzito hukumsahau, maana maradhi ya fizi yanahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, shilingi 500 kila mmoja. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowaleta. Foleni ya magari ilijinyoosha kilomita nyingi, nawe ulipanda bila nauli, ukaenda na kurudi nao salama salimini.

Nne, unyenyekevu. Maji ya sehemu nyingi za ukanda huu wa Bonde la Ufa yana floridi nyingi, nayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Wenyewe hudhani ni uchafu, wakakata tamaa: ya nini kusugua, na hayatakati? Rangi si kazi yako, lakini faida ni yako.

Adui zako ni wachache na wa bei nafuu: mswaki asubuhi na kabla ya kulala, au kijiti cha msuaki kilichotafunwa ncha vizuri. Basi msomaji, ukipenda kuendelea kumtukuza mheshimiwa huyu, puuza damu unayoiona kwenye mswaki. Usipopenda, nenda kwa daktari wa meno wiki hii. Usingoje jino lianze kuuma.