Sifa za Kinga Njema

Zipo neema tunazozitumia kila siku bila kuzishukuru, na iliyo kuu ni kinga ya kisheria ya viongozi na watumishi wa umma. Humwondolea mwenye cheo hofu. Humwondolea mwananchi papara.

Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, ibara ya 46, ilianza na Rais: hashtakiwi kwa jinai akiwa madarakani, na akistaafu hashtakiwi kwa aliyoyatenda kama Rais, isipokuwa awe ameondolewa na Bunge. Mwaka 2020 Bunge likaona si vyema mtu mmoja astarehe peke yake. Sasa anayelalamikia kuvunjwa kwa haki zake za msingi kwa sababu ya utendaji wa Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika au Jaji Mkuu hawasumbui waheshimiwa hao. Humshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Watumishi wa chini nao hawakusahauliwa. Sheria nyingi zinasema aliyetenda kazi yake kwa nia njema hawajibiki binafsi. Busara iliyoje! Kibanda kilichobomolewa kwa nia njema hakiumi kama kilichobomolewa kwa chuki.

Tumwangalie mama lishe wa Kibaigwa aliyebomolewa kibanda na halmashauri kimakosa: sufuria zimepondeka, wali umemwagika vumbini. Mtu wa pupa angekimbilia mahakama iliyo jirani. Sheria yamtuliza. Kwanza atoe notisi ya siku 90, muda wa kutosha hasira kupoa na mashahidi kuhama. Kisha amuunganishe Mwanasheria Mkuu, tena katika Mahakama Kuu, naye apate fursa ya kuuona mji. Akishinda, dalali wa mahakama haruhusiwi kukamata hata kiti cha ofisi ya halmashauri. Atasubiri malipo, na subira huvuta heri. Fedha yenyewe haitoki mfukoni mwa ofisa aliyekosea. Inatoka katika kodi, ikiwemo aliyoilipa mama mwenyewe kwenye sabuni na soda. Ni heshima kubwa mtu kujichangia fidia yake.

Wanaoilaumu kinga hii wanaitamani kimoyomoyo. Baba aliyeulizwa ada ya mtoto imekwenda wapi, nani amemsikia akikiri? Hujibu kwamba aliitumia kwa nia njema, na kwamba suala hilo litazungumzwa mwisho wa mwezi. Sote tuna kinga zetu za sebuleni. Serikali imezipa tu kifungu na muhuri.

Kwa hiyo tuache manung'uniko. Nakushauri, msomaji, uiandike notisi yako leo, kabla hujabomolewa, ili siku 90 zianze kuhesabika mapema.