Jinsi ya Kukusanya Programu Huria Bila Kujua Umekusanya Nini

Programu huria ni mali ya wote, na mali ya wote haihitaji mtu wa kuweka hesabu. Ukishaikubali kanuni hii, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Hatua ya kwanza: usiandike umechukua toleo lipi. Git, chombo cha kutunza matoleo, hulipatia kila badiliko utambulisho wa herufi na tarakimu 40, na nani ana muda wa kunakili zote hizo? Wewe chukua kilichopo kwenye tawi kuu asubuhi, mwenzako achukue cha jioni. Kisha mbishane kwa nini kwake mfumo unawaka na kwako umegoma. Timu hujengwa kwa mazungumzo.

Hatua ya pili: panga hifadhi kwa moyo. Watu wa Subversion, chombo kingine cha aina hiyo, walizoea folda tatu: shina la kazi inayoendelea, matawi ya majaribio, na lebo za matoleo yaliyokamilika. Tatu ni ubahili. Ongeza “mpya”, “mpya2”, “mpya_kweli” na “usiguse_ya_bosi”.

Hatua ya tatu: ficha moduli ndogo. Mradi wako ukibeba hifadhi za watu wengine ndani yake, anayeunakili lazima aongeze --recurse-submodules kwenye amri ya git clone, la sivyo atakuta folda tupu. Usiliandike hili popote. Mgeni akikuuliza, mwambie kwako zimejaa.

Hatua ya nne: usiandike chochote mwenyewe, wala usiweke nakala ya ulichoazima. Machi 2016 mwandishi wa kifurushi cha left-pad aliiondoa kazi yake kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Ilikuwa mistari 11 tu, ya kuongeza nafasi kushoto mwa maandishi, lakini miradi mingi ilikwama, Babel ikiwamo, mpaka npm ikairudisha. Mwoga angejifunza kuweka akiba. Wewe jifunze kusubiri.

Hatua ya tano: amini kifurushi, usikilinganishe na hifadhi. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana data, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Kipande cha kuuwasha kilikuwa kwenye kifurushi cha toleo; kwenye hifadhi ya Git hakikuwamo. Tazama mtu anavyojitafutia kazi kwa nusu sekunde! Seva yako ikichelewa, laumu mtandao, kanywe chai.

Hatua ya sita: futa faili la leseni, linajaza nafasi. Wanasheria nao wana watoto wa kusomesha.

Ukizishika zote sita, siku mteja atakapouliza mfumo wake umeundwa kwa vipande gani, utamjibu bila kusema uongo hata kidogo: vya bure.